Sufuria la Ushirika na Gunia la Mkulima

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye semina ya sikukuu ya ushirika wetu, Mutanga Nord, Bujumbura)

 

Nawasalimu ninyi mliovuka Gatumba kutoka Uvira, ninyi wa Kigoma mliolala njiani, ndugu wa Kigali na Kampala, na sisi wenyeji ambao tumevuka mto Ntahangwa tu na bado tumechelewa.  Wazee wa kamati wamenipa somo wameliandika kwenye karatasi: "Mkulima wa nyumbani na mnunuzi". Nimeona baadhi yenu mkiangaliana. Mwinjilisti huyu tumemzoea kwenye uamsho, leo anatuletea maharagwe? Ndiyo, leo ni maharagwe. Cheti nilicho nacho ni cha shule ya Biblia, cha kilimo sina. Lakini mtu anayehubiri kwenye makolini analala kwa watu, anakula kwa watu, na usiku moto ukipungua watu wanamwambia mambo ambayo mchana kanisani hawayasemi. Mengi nitakayosema nimeyapata hapo.

Tuanze na harufu hiyo inayotoka nje. Mnaisikia? Wamama wamewasha moto tangu saa kumi na moja alfajiri, Mungu awabariki. Kabla ya kuingia nilipita jikoni nikawauliza: huu mchele umetoka wapi? Wakaniambia ni wa Tanzania, umenunuliwa soko la Cotebu. Maharagwe? Hakuna aliyejua, yamenunuliwa dukani. Kabichi? Za Bugarama, zimepita mikono mitatu kabla ya kufika kwenye kisu. Sina ugomvi na mchele wa Tanzania, ni mzuri, na ndugu zangu wa Kigoma msiniangalie hivyo. Lakini geukeni mtazame safu ya nne upande wa kushoto. Wale ni ndugu zetu kumi na mmoja kutoka Gihanga, kilomita kama 20 tu kutoka hapa. Wote wanalima mpunga. Wamekuja kwenye sikukuu yao, na watakula mchele ambao hawakuulizwa kama wanao.

Hakuna aliyewanyima kwa ubaya. Hakuna aliyewakumbuka, basi. Hapo ndipo shida yote ilipo.

Fungueni Yohana 6, mtaisoma wenyewe nyumbani, mimi nasimulia tu. Watu elfu tano wana njaa. Bwana anamuuliza Filipo watanunua wapi mikate. Filipo ni mtu wa hesabu, anatoa jibu la mweka hazina: dinari mia mbili hazitatosha. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa! Halafu Andrea anasema kuna mtoto hapa, ana mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Mimi nimeihubiri sura hii mara nyingi kwa ajili ya muujiza, leo naomba tukae na Andrea. Alijuaje? Kati ya watu elfu tano, alijuaje mtoto fulani ana mikate, na ni ya shayiri, na ni mitano? Maana yake alizunguka, akauliza, akaona. Filipo alijua bei, Andrea alimjua mwenye mzigo. Ushirika wetu una akina Filipo wengi, na tunawashukuru maana bila wao tungekuwa na madeni. Akina Andrea ndio wachache.

Sasa hesabu ya Filipo tuifanye wenyewe, maana wengi wetu hatujui kama sisi ni wanunuzi wakubwa. Tuseme mkutano kama huu una watu 400. Siku tatu, kila siku sahani mbili. Hizo ni sahani 2,400. Kila sahani weka gramu 150 za mchele mkavu na gramu 100 za maharagwe makavu. Hiyo si anasa, ni sahani ya kawaida. Mchele unafika kilo 360, maharagwe kilo 240. Na kwa kuwa kilo mia za mpunga zikikobolewa hutoa mchele kilo 60 mpaka 65 hivi, hizo 360 zinahitaji mpunga karibu kilo 600. Ni mkutano mmoja tu! Bado Pasaka, bado Krismasi, bado shule ya Biblia inayolisha wanafunzi muhula mzima, bado shule ya watoto, bado harusi, na matanga pia. Mtu anayenunua hivyo mwaka mzima akiingia sokoni kama mtu wa kununua kilo mbili za jioni, amejipunja mwenyewe na amempunja mkulima.

Mashirika makubwa yaliligundua jambo hili zamani. PAM, lile shirika la chakula la Umoja wa Mataifa ambalo wenzetu wa Kenya na Tanzania wanaliita WFP, miaka mingi lilijulikana kwa magunia yanayotoka ng'ambo. Mwaka 2008 likaanza mpango wa kununua kwa wakulima wadogo katika nchi 20 za majaribio. Kongo, Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania zilikuwamo. Na hapa Burundi kantini za shule zinazosaidiwa na PAM zimekuwa zikinunua sehemu ya chakula kwenye koperative za hapa hapa. Kenya mwaka 2009 walianza mpango wa chakula cha shule kinachonunuliwa nyumbani, na mwaka 2018 serikali yao ikachukua mzigo wote wa kulisha shule ambao PAM ilianza nao tangu 1980. Mbali kabisa, Brazil, sheria ya mwaka 2009 ilisema angalau asilimia 30 ya pesa ya serikali kuu ya chakula cha shule itumike kununua kwa wakulima wa familia. Sheria, wapendwa! Hawakuachia huruma ya mpishi.

(Kidogo juu ya neno. Mkisikia nasema "koperative", ndugu wa Tanzania wanasema "ushirika", na ushirika kwetu leo ni huu wa sikukuu. Nikisema koperative ni ile ya wakulima, tusichanganyikiwe.)

Kwa hiyo mnunuzi yupo. Mkulima yupo. Koperative ziko karibu kila kolini, zile za Sangwe na nyingine za watu wenyewe. Mbona mtu wa Gihanga au wa Kirundo bado anauza kwa hasara?

Nitawaambia nilichosikia kwenye moto wa usiku. Mkulima wetu hauzi baada ya kuvuna. Anauza kabla. Msimu wa A anapanda mahindi na maharagwe Septemba, Oktoba, mvua zikianza. Akiba ya ndani inaisha, mtoto anaugua, daftari za shule zinadaiwa. Anakuja mtu mwenye pesa, anatazama shamba likiwa bado kijani, anasema: nakupa hizi leo, ukivuna magunia mawili ni yangu. Gunia ambalo kwa mfano lingeuzwa faranga mia wakati wa mavuno, amelipwa hamsini, mara nyingine chini ya hapo. Januari, Februari anavuna, na mavuno tayari ni ya mwingine. Kile kidogo kinachobaki anakiuza wiki hiyo hiyo, wakati kila mtu anauza na bei iko chini kabisa. Miezi mitatu baadaye anarudi sokoni kununua chakula kile kile kwa bei ya juu. Mama mmoja aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwinjilisti, mimi nalima maharagwe ya watu wengine kwenye shamba la baba yangu."

Sasa huyo mama, ukimletea habari njema ya kantini ya shule, ya mnunuzi mwenye bei nzuri, anakuuliza swali moja tu: atalipa lini?

Hapa naomba wahasibu wetu mniangalie usoni. Wanunuzi wa taasisi, shule, hospitali, mashirika, bei yao mara nyingi si mbaya. Ubaya wake ni makaratasi. Mzigo unapokelewa leo, karatasi inapelekwa ofisi moja, inasainiwa ofisi ya pili, cheki inasubiri mtu aliyesafiri. Nazijua habari za shule moja, jina lake silitaji, ilipokea viazi na kabichi za kikundi cha wakulima mwanzoni mwa muhula na kuwalipa muhula umekwisha. Kwa shule ilikuwa ni kuchelewa kidogo. Kwenye kile kikundi, watu wawili waliuza mbuzi, na mmoja akaenda kwa yule yule mwenye pesa wa shamba la kijani. Msimu uliofuata shule ikapiga simu kutaka viazi, hakuna aliyepokea. Mkuu wa shule akasema wakulima si waaminifu!

Hata kwenye ule mpango mkubwa wa PAM jambo hili lilijitokeza wazi: koperative ikichelewa kulipwa, mwanachama anauza pembeni, na mkataba unabaki karatasi. Tajiri wa baiskeli anampunja mkulima bei, lakini anamlipa pale pale, mkononi. Ukitaka kumshinda yule tajiri usimhubirie mkulima uaminifu. Lipa siku ile ile.

Torati inalisema hili, Kumbukumbu 24, kwamba ujira wa maskini asilale nao mtu, jua lisizame. Na Yakobo sura ya 5 anasema mshahara uliozuiwa unapiga kelele, na kelele hiyo inafika mbinguni. Sisi tunaoomba usiku kucha tujiulize kama maombi yetu hayakutani njiani na kelele ya muuza kabichi.

Amina imekuwa ndogo. Haya, tuendelee.

Upande wa mkulima nao una mambo, na wenzangu wa Gihanga na Isare wananijua, sitawapamba. Mnunuzi wa taasisi si kama mama wa sokoni anayeshika punje mkononi na kucheka nawe. Ana kipimo. Nchi zetu za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina kiwango kimoja cha mahindi: unyevu usizidi asilimia 13.5, na sumu ya kuvu, ile inayoitwa aflatoksini, isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya wazungu. Mwaka 2004 kule Kenya, pande za Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yao wenyewe yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Hiyo sumu huioni, huisikii harufu, kuchemsha hakuiondoi. Sasa fikiria sufuria moja linalolisha watoto 300. Gunia bovu la nyumbani linaumiza nyumba moja, lakini gunia bovu kwenye kantini linaumiza kolini nzima.

Mashine ya kupima unyevu ni ghali, koperative inaweza kununua moja, mtu mmoja mmoja hawezi. Ila kuna njia ya chumvi, na wamama andikeni hii. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tia mahindi mpaka robo hivi, ongeza vijiko vichache vya chumvi iliyokauka kabisa. Funga, tikisa kwa nguvu dakika moja, acha itulie dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu zaidi ya asilimia 15, yarudishe juani. Chumvi ikianguka chini yote, uko karibu, unaweza kuhifadhi. Haichukui nafasi ya mashine, lakini inakuzuia kumpakia mtu mzigo utakaorudishwa. Na kuanika ni juu ya hema au mkeka, si juu ya udongo, wala kando ya lami ambako mawe yanaingia na mbuzi wanapita. Maharagwe yenye mawe yanavunja meno ya watoto, na yanavunja jina la kikundi pia.

Kwa wadudu wa maharagwe, ile mifuko ya tabaka tatu, PICS, ukiifunga vizuri hewa inakwisha ndani na mdudu anakufa bila dawa. Bei yake inazidi ya gunia la kawaida. Inarudishwa na misimu miwili mitatu ikitunzwa isitoboke.

Halafu mzani. Hapa nina neno kwa pande zote mbili. Ndugu wa Tanzania na Kenya mna neno lumbesa, gunia linaloshonewa kilemba juu mpaka linakuwa gunia na nusu, na linalipwa kama moja. Kenya mwaka 2019 waliweka kanuni gunia la viazi lisizidi kilo 50, na nasikia vita bado ni ile ile huko mashambani. Sisi tusingoje kanuni. Ushirika ununue mzani wake, uwekwe mbele ya watu wote, tununue kwa kilo, tuache kununua kwa macho. Sulemani alishayasema ya mizani ya hila, mnayajua.

Sasa mapendekezo. Nimeyazungumza na kamati ya wamama na na wazee wa Gihanga kabla ya leo, sikuyaota.

La kwanza ni oda ya mapema. Mkutano wetu una tarehe kila mwaka, si ajali. Basi Septemba, kabla mbegu haijaingia ardhini, kila tawi liandike litahitaji nini na lini: maharagwe kilo ngapi, mahindi kilo ngapi, mchele, lengalenga, ndagala (dagaa, kwa ninyi wa Kigoma). Karatasi hiyo wapewe wakulima wetu, na ipelekwe na pesa kidogo ya kutangulia. Hiyo pesa ya kutangulia ndiyo inayomtoa yule mama mikononi mwa mtu wa shamba la kijani. Kiasi gani? Tumezungumza theluthi. Wengine wameogopa, wamesema je, mvua ikikataa? Ni swali la haki. Ndiyo maana tunasema isipewe mtu mmoja, ipewe kikundi cha watu kumi wanaodhaminiana, na ipitie kwenye akaunti ya COOPEC ambayo ina daftari. Mvua ikikataa kabisa, tutapoteza pamoja nao sehemu. Tumewahi kupoteza pesa nyingi zaidi kwenye vipaza sauti.

Bei ndiyo iliyobishaniwa sana, na sidhani tumemaliza. Ukiandika bei Septemba, Januari soko likipanda mkulima anajuta, likishuka mweka hazina anajuta, na kila mmoja atakuwa na kishawishi cha kuvunja neno. Wazee wa Gihanga wametoa wazo ambalo mimi limenikaa: tuandike bei ya chini, ambayo hatutashuka hata soko lishuke, halafu siku ya kupokea mzigo tuangalie bei ya Cotebu, ikiwa juu tunalipa ya Cotebu tukiondoa usafiri. Mkulima anajua hatakufa, ushirika unajua hauibiwi. Kuna ndugu wawili wa hazina bado hawajakubali. Wapo humu, wana hoja zao, muwasikilize mchana.

Kulipa: mzani ukitulia, simu inalia. Hapa tuna Lumicash, kule mna M-Pesa. Saini tatu zitafutwe kabla ya mzigo kufika. Mzigo ukishapimwa mkulima asitumwe kutafuta saini ya mtu.

Usafiri. Hapa sina jibu zuri. Mnajua shida ya mafuta ya gari katika nchi yetu, gari linaweza kulala foleni siku mbili. Kutoka Gihanga hata baiskeli zinaweza, ni tambarare. Kutoka Bugarama mnawajua wale vijana wanaoshuka na ndizi kwa baiskeli mbio zile, mimi kila nikiwaona nafumba macho na kuomba, siwezi kuwatia mzigo wa ushirika. Tutakusanya mzigo wa vikundi kadhaa upande gari moja, siku moja, na tawi lenye gari lijitolee. Ndugu mwenye lori aliyekaa nyuma kule ameshainamisha kichwa, nimemwona.

Kuna anayeuliza, na aliniuliza jana usiku kwa upole: mchele wa Tanzania ukiwa bei nafuu kuliko wa Gihanga, sadaka ya watu itumike kulipa zaidi? Nilimjibu kwamba tusidanganyane, siku nyingine utakuwa nafuu kweli. Lakini piga hesabu yote. Mwaka uliopita tuligawa msaada wa chakula kwa familia za washirika wetu, na nyingi zilikuwa za wakulima. Tulinunua mchele kwa wengine, halafu tukachukua sadaka nyingine kumsaidia mkulima wetu aliyekosa mnunuzi. Hiyo nafuu iko wapi? Tungenunua kwake mara moja, angejilisha, na angeleta fungu la kumi badala ya kupanga foleni ya msaada. Zaidi ya hayo mtu akinunuliwa anasimama wima. Akipewa tu, hata kwa upendo, anainama kidogo.

Tena msinielewe vibaya, siwaambii watu wa Kigoma wanunue mpunga wa Gihanga. Mipaka inafungwa na kufunguliwa, pesa zetu hazifanani, na ushuru mnaujua. Kigoma wana maharagwe na mawese yao. Uvira wana uwanda wa Ruzizi, ardhi ile ile kama ya Gihanga, mto tu unapita katikati. Kila tawi lianze na wakulima wake. Kinachovuka mpaka ni daftari: Uvira wakipata namna ya mkataba iliyofaa watupe, sisi tukichomwa mahali tuwaambie wasichomwe hapo hapo.

Na kwa wale wanaosema haya ni mambo ya mwili, tubaki kwenye maombi: Matendo 6. Kanisa la kwanza kabisa, lenye moto kuliko letu, ugomvi wake wa ndani ulioandikwa hapo ulihusu nini? Chakula cha kila siku. Na wajane waliosahauliwa walikuwa wa lugha nyingine. Sisi tuna Kirundi, Kinyarwanda, Kifuliiru, Kibembe, Kiha, Kiganda, na Kiswahili hiki kinachotuunganisha. Mitume hawakusema ombeni tu. Walichagua watu saba wenye sifa njema, wakawapa kazi ya meza.

Kwa hiyo kila tawi lichague Andrea wake. Si lazima awe mzee wa kanisa, na mimi ningependa awe kijana au mama mwenye simu na miguu. Kazi yake ni kujua nani analima nini, kiasi gani, kinavunwa lini, na nani atakula wapi. Awe na daftari moja upande wa wakulima na moja upande wa masufuria. Asiwe mfanyabiashara wa mazao mwenyewe, hilo tumelikubali wote, maana atakuwa anajinunulia. Akianza na mkutano wetu, baadaye anaweza kubisha hodi kwenye shule ya jirani, kwenye kituo cha afya, kwenye kantini ya kolini, akiwa na ushahidi mkononi: tuliahidi kilo 240 za maharagwe, tulileta kilo 240, makavu, bila mawe. Mnunuzi mkubwa hanunui maneno. Anataka kuona mlichomletea mdogo aliyewatangulia.

Baada ya chakula cha mchana, viongozi wa matawi tubaki chini ya hema la upande wa barabara. Mama mwenyekiti wa jikoni ameandika kwenye karatasi kila kitu kilichopikwa siku hizi tatu, kilo kwa kilo na bei yake, tuanzie hapo. Ndugu kumi na mmoja wa Gihanga nao watakuwepo, na wamekuja na mfuko mdogo wa mchele wao kwa ajili ya kuonja. Wapishi wameshaupokea, uko kwenye lile sufuria dogo la pembeni.